Begi lako leo lina vitu vingapi, na umetumia vingapi? Uzi wa wapenda mabegi na vikorokoro vya kila siku

Fundi wa Tona

Wakuu salaam. Humu kuna nyuzi za magari, simu, viatu, hadi kuna uzi wa kubishania mafuta ya kukaangia uliofika kurasa 40. Wa mabegi sijauona, na kila asubuhi tunabanana kwenye daladala kila mtu na lake mgongoni. Basi naanzisha mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi. Leo Posta, kesho Mwenge, keshokutwa Gongo la Mboto, na usafiri wangu ni mwendokasi, daladala na miguu. Miaka sita nilibeba begi moja jeusi nililolinunua jipya dukani. Sifa yake kubwa ilikuwa mifuko 14. Muuzaji alinihesabia mmoja mmoja kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari, nami nikaona nimeula.

Mwaka jana masika yamekolea, nashuka pale Gerezani, mkanda wa kulia ukachomoka unaposhonewa juu. Begi likatua kwenye dimbwi. Ndani nilikuwa na kopo la tona, nalo likafunguka. Asiyeijua tona, ni unga mweusi laini kuliko poda ya mtoto, ukishika kitambaa hautoki leo wala kesho. Nilifika kwa mteja nafanana na muuza mkaa, mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma.

Usiku nikamwaga kila kitu kitandani. Mke wangu akasimama mlangoni akauliza, "Baba Salma, unahama?" Nikahesabu vitu 63. Bisibisi tatu za saizi ileile. Chaja ya simu niliyoiuza 2019. Funguo za nyumba tuliyokwisha kuhama. Risiti zilizofutika maandishi hadi huwezi kujua ulinunua nini. Dawa ya mafua iliyopitwa na muda. Nusu biskuti. Asubuhi nikavirudisha vyote kama vilivyokuwa, nikalipeleka begi dukani kwa mangi, tukaliweka kwenye mzani wake wa kupimia unga. Kilo 7.4. Yaani kiroba cha sembe cha kilo tano na zaidi, nakitembeza Dar nzima kila siku na hakuna anayenilipa nauli yake.

Nikachukua daftari. Siku 30, kila nilichokitoa begini nikakitumia, nakipigia mstari. Mwisho wa mwezi vitu vilivyopata hata mstari mmoja vilikuwa 19. Na kilichoongoza, nilidhani kitakuwa bisibisi, kumbe ni kipande cha fulana kuukuu cha kufutia mikono. Cha pili tochi. Lile koleo zito ambalo ningegombana na mtu aliyeniambia niliache nyumbani lilipata sifuri. Mwezi mzima, sifuri.

Ndipo nikaenda soko la mitumba la Karume. Niliwahi alfajiri siku ya kufungua robota la mabegi, nikachambua mpaka mgongo ukauma, nikatoka na Eastpak ya kijani iliyopauka kwa shilingi 15,000. Kwa muuzaji ni "begi la shule" tu. Hawa jamaa wa Eastpak walianza 1952 wakishonea jeshi la Marekani mifuko ya turubai, baadaye ndiyo wakageukia wanafunzi. Lina chumba kimoja kikubwa na mfuko mmoja mbele, basi. Ila geuza ndani utazame mkanda unapoingia mwilini: wameshona mraba, ndani ya mraba wakashona X, juu yake wakarudishia uzi mara nyingi mpaka pamekuwa pagumu kama kucha. Hapo hapo ndipo langu la mifuko 14 lilipokuwa limeshonwa mstari mmoja, tena wa kuazima. Ndani kuna jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Sijalifuta. Naona kama tuna ubia.

Sasa nisemalo ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Mifuko 14 ilikuwa inanifanya nitafute. Kila kitu kilikuwa na mahali 14 pa kujificha. Sasa hivi tochi inakaa mfuko wa mbele, kona ya kushoto, haikai pengine hata siku ya Eid. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika nikiwa uvunguni mwa mashine, ghorofa ya nne, mkono ukaenda wenyewe nyuma ukaleta tochi kabla hata sijafikiri. Raha niliyoisikia pale siwezi kumweleza mtu asiyebeba begi.

Karibuni. Mwageni vyenu kitandani tuvione.

Kijeba wa Tandale

Mwanaume mzima unapimisha begi kwa mangi 😂😂 Mimi simu, funguo, elfu tano. Suruali ina mifuko minne. Nimemaliza, fungeni uzi.

Bint Mkindu

Assalaam alaykum. Mie natokea Unguja, na nawaona hapa mnashangilia begi la mtumba la Mzungu kama vile kabla ya robota watu walikuwa wakibeba vitu kwa meno.

Bibi yangu wa Makunduchi ana mkoba wa ukili umri wake sawa na mjomba wangu wa mwisho. Watu wengi wanaona mkoba sokoni hawajui kazi yake. Miyaa, yaani majani ya mkindu, hukatwa, huanikwa juani, huchanwa kwa ukucha au kisu kuwa myembamba. Ya rangi huchemshwa na rangi sufuriani. Halafu unasuka ukili, na ukili si kikapu bado, ni utepe mrefu unaukunja kama mkanda wa fundi. Mwanamke anausuka akiwa barazani, akiwa anazungumza, akiwa anamsubiri mtoto atoke skuli. Ukishafika pima zake ndipo unashonwa kwa kuzungushwa, duru juu ya duru, kuanzia kitako. Ndiyo maana mkoba mzuri hauna kona ya kuchanika. Mshono wake ni mmoja unaozunguka tu.

Tena hauna mfuko hata mmoja wa ndani. Bibi vitu vyake vinne: kanga, tasbihi, kifuko cha pesa, na kitu cha kumpa mtoto atakayekutana naye njiani. Hajawahi kutafuta kitu.

Hizo kilo saba zako, kaka, wazee walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Wewe mkanda ulipokatika ndipo pakacha lako lilipovuja.

Fundi wa Tona

@Bint Mkindu dada yangu nimenyoosha mikono. Hilo la mshono mmoja unaozunguka sikulijua, na nimeona mikoba hiyo maisha yangu yote.

@Kijeba sawa mkuu. Mvua ikinyesha na elfu tano yako tutaongea.

Cherehani Singa

Nimepita mara tatu nikasema nisichangie, lakini huyu fundi mwenzangu kagusa mshono, siwezi kunyamaza. Nashona na kukarabati mabegi mwaka wa 17 huu.

Wateja huja na kauli moja: "fundi, begi limekufa." Mara nyingi lililokufa ni zipu, na kwenye zipu kilichokufa si meno, ni kile kichwa kinachotembea. Kichwa kikitembea sana kinapanuka, hakibani tena meno, unafunga na nyuma kunafunguka. Kabla hujang'oa zipu nzima, chukua koleo ndogo, bana kichwa upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo. KIDOGO. Ukibana kwa hasira kinavunjika. Ikigoma, kibadilishe. Kichwa ni hela ndogo, zipu nzima ni kufumua begi.

Geuza kichwa utaona namba nyuma: 3, 5, 8, 10. Ni kama upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Begi la mgongoni lenye namba 3 kwenye mlango mkubwa ni begi la maonyesho, 5 inavumilia, 8 au 10 utazeeka nayo. Herufi YKK ni za kampuni ya Japani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, na ni zipu nzuri kweli, lakini siku hizi herufi zinachongwa na yeyote mwenye mashine. Usisome, vuta. Funga fungua mara kumi kwenye kona ya begi, maana zipu mbovu hukwama konani. Zipu ya plastiki iliyojiviringisha napendelea kuliko ya chuma kwa sisi wa pwani, chumvi inaila ile ya chuma. Ikiwa ngumu, sugua mshumaa juu ya meno. Usipake mafuta ya kula, naomba, nimeona mengi.

Kitambaa nacho kina kipimo, denia. Ni gramu ngapi uzi wenye urefu wa mita 9,000 unapima. Begi lenye 600 ni uzi wa gramu 600 kwa huo urefu. Lakini namba kubwa peke yake isikudanganye. Poliesta ya 600 na nailoni ya 500 ukizisugua kwenye ukuta wa saruji, nailoni ndiyo itakayobaki. Wauzaji wanakutajia namba, hawakutajii uzi wa nini.

Mgeni Njiani

Hapa natia nanga. Fundi Singa swali: mitumba mingi ya mabegi ndani kuna utando unabanduka kama ngozi ya nyoka, unanata na una harufu. Nimeosha kwa sabuni mara nne. Tatizo nini?

Cherehani Singa

Huo utando ni plastiki inayopakwa ndani ili maji yasipite. Baada ya miaka, unyevu unaivunja, na joto la huku linaharakisha. Sabuni haitaurudisha, umeoza. Sugua na brashi ngumu utoke wote, begi litakuwa jepesi na halitazuia maji tena, utaweka mfuko wa nailoni ndani. Ukiwa bado sokoni, ingiza pua. Harufu ya siki au ya matapishi, rudisha. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Mama Doti

Jamani mnaongea vyuma tu. Kitu kinachobeba kazi nyingi kuliko vyote kwenye mkoba wangu ni kanga moja. Upande mmoja, si doti nzima.

Wiki iliyopita peke yake: nimejitanda msibani, nimemfunika mtoto wa dada aliyesinzia kwenye basi, nimekalia kwenye nyasi hospitali tukisubiri majibu, nimefungia mihogo baada ya mfuko kutoboka, na Ijumaa mvua imenikuta Buguruni nikajifunika kichwa. Jioni nimeifua, asubuhi imekauka. Tochi yenu inafanya hayo?

Na pesa ya dharura naifunga pindoni kama mama alivyonifundisha, siweki kwenye pochi. Pochi ndiyo kibaka anayoitafuta. Safari ndefu natoa shangazi kaja, lile begi kubwa la safari, kama watu wote, ila kanga inakaa nje, juu kabisa, pembeni ya zipu.

Fundi wa Tona

Mama Doti shikamoo. Kipande changu cha fulana kilichoongoza mwezi mzima, kumbe ni kanga iliyokosa malezi. Nimemwomba mke wangu moja, kaniuliza nampelekea nani.

Sisal na Kahawa

Habari zenu kutoka Nairobi. Huku kwetu mazungumzo ya mabegi hayawezi kuisha bila kiondo. Mamangu ni Mkamba, anasuka cha mkonge, na ananiambia nyanyake alikuwa anasokota uzi kutoka kwa gome la mbuyu. Kamba ya mkonge inasokotwa juu ya paja, ndio wazee wengine wana alama pajani. Wanawake wa Kikuyu nao walikuwa wanabeba kiondo kikiwa mgongoni, mkanda unapita kwa paji la uso. Ukiona shosho, yaani bibi, ana mfuo umezunguka paji, hiyo ni miaka ya viazi na kuni. Kwa hivyo mnapoongea kuhusu kilo saba, mjue kuna watu mwili wao ndio uliandika.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 juala za plastiki zipigwe marufuku, hata mabarobaro wanaenda sokoni na kikapu. Hapo mbeleni ungechekwa.

Ya town: begi linavaliwa mbele ukiwa kwa watu wengi, hiyo mnajua. Yenye wengi hawajui ni ya watu wa pikipiki. Ukitembea kando ya barabara, begi liwe upande wa ukuta. Na mkanda ukikatisha kifua mtu akivuta kutoka kwa pikipiki haendi na begi pekee, anakuvuta nalo. Rafiki yangu alivunjika mkono hivyo. Mimi navaa begani upande wa ndani, akilivuta aende nalo, ndani kuna kitabu na chapati.

Mzamiaji wa Deira

Niko Dubai, nyumbani Tanga. Naongeza ya wasafiri kwa sababu kila nikirudi naona mtu ananyang'anywa kitu pale kwenye ukaguzi.

Pawabanki haiendi kwenye mzigo wa chini ya ndege, inakaa na wewe. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Chukua namba ya mAh iliyoandikwa juu yake, zidisha mara 3.7 gawa kwa 1,000. Ya 10,000 ni wati-saa 37, ya 20,000 ni 74, zote zinapita. Zile za 30,000 zinazouzwa barabarani ni 111, hizo utaziacha mezani kwa afisa. Tena shirika la ndege la Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, hairuhusiwi kuitumia ndani ya ndege wala kuiweka kwenye kabati la juu. Iweke kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako au chini ya kiti.

Mswahili wa Leicester

Na visu. Mimi nilikuja Uingereza na kisu changu kidogo cha kumenyea machungwa, hakuna baya nililowaza. Sheria ya hapa: kisu cha kukunja, kisichojifunga kikifunguliwa, makali yasizidi inchi 3, unaruhusiwa kukibeba bila kutoa sababu. Kikiwa kinajifunga hata kama ni kidogo, lazima uwe na sababu ya maana ya kueleza askari. Nimehamia kisu kidogo cha kukunja cha Victorinox, cha milimita 58, kina mkasi, na mkasi ndio nautumia kila siku. Kisu chenyewe nakifungua wakati wa embe.

Mwalimu wa Zamu

Naomba tusogee kwa watoto. Nina darasa la tano, na asubuhi wanaingia wameinama kama wazee wanaotafuta sindano. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30, basi ni kilo 3 mpaka 6, na hiyo 6 ndiyo mwisho kabisa. Nilipima la mwanafunzi mmoja wa kilo 28: kilo 6.5. Kulikuwa na madaftari ya masomo yote, ya leo na yasiyo ya leo, chupa ya lita moja na nusu, na jiwe. Jiwe alisema ni lake.

Wasweden walikutana na tatizo hili, ndipo mwaka 1978 kampuni ya Fjällräven ikatoa begi la Kånken kwa ajili ya wanafunzi, la mraba, likiwa na nafasi ya majalada mawili ya A4. Lita 16 basi. Nimeliona Karume likiuzwa kama mkoba wa warembo, bei mara tatu ya begi la shule.

Wazazi wengi wananunua begi kubwa "akue nalo." Viatu sawa. Begi kubwa mtoto hakui nalo, analijaza.

Fundi wa Tona

Mwalimu hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari langu, ukurasa uleule wa mistari. Na jiwe mwachie. Mimi kwenye 63 nilikuwa na vifuniko vinne vya soda na sina maelezo.

Kijeba wa Tandale

Haya nimerudi. Hii ni suruali ya pili mwezi huu mfuko unatobolewa na funguo. Elfu tano imepitia hapo, imeishia nisikokujua. @Cherehani Singa hiyo nayo ni denia?

Cherehani Singa

Hiyo ni ubishi. Lete nikuwekee kitambaa cha pili ndani ya mfuko, buku mbili. Na funguo zifunge kwenye kikamba zining'inie kwenye kitanzi cha mkanda wa suruali, zisikae chini zikichimba.

Bint Mkindu

Au umuone mtu wa Makunduchi akusukie kimkoba kidogo cha kiunoni, kaka Kijeba. Utapendeza 😄

Mgeni Njiani

Mkuu @Fundi wa Tona umetuanzishia uzi halafu hujatuambia. Sasa hivi begi lina kilo ngapi?

Fundi wa Tona

Nimetoka kwa mangi sasa hivi. Kilo 3.2, pamoja na kanga. Nilitegemea 3 kavu, nikamwaga pale kaunta kuangalia kilichozidi: bisibisi ya pili ya saizi ileile imerudi, sijui imeingia lini, na kifuniko kimoja cha soda.

Mangi kasema mara hii mzani si wa bure, ninunue kitu. Nimenunua betri za tochi.